Kikombe cha Jorunn

Zamani tulikutana kituo cha zimamoto,
watu saba, benchi mbili, buti zikidondosha maji,
na Jorunn Myrvang, anayeishi chini ya mlima wenyewe,
hakuwa mtu wa kusema hapana.
Alikunywa kahawa yake hadi mashapo,
akakipindua kikombe mezani, taratibu,
nasi tukajua: barabara haifunguliwi leo.
Hata Eilif wa katapila la theluji, mbishi wa kuzaliwa,
alivua glavu.

Siku hizi tunakutana kwenye skrini.
Mimi niko Tromsø, koti juu, pajama chini;
Sigbjørn yumo garini; Ragnfrid na mtoto mapajani;
vichwa saba ndani ya visanduku
kama mayai kwenye trei.
Tunamaliza mapema.
Tunasifiana kwa kumaliza mapema.

Jumanne ile, saa moja asubuhi, giza totoro,
malori ya samaki yakinguruma kizuizini,
niliuliza, "Kuna mwenye pingamizi?"
Nikahesabu mbili. Nikahesabu tatu.
Kimya cha mtandao hakina uzito mkononi:
hujui ni ridhaa, ni waya,
au ni mtu kasahau kufungua maiki.
Nikaandika: Wote wameafiki.

Saa tatu na dakika ishirini mlima ukashuka.
Eilif alikaa hadi alasiri ndani ya katapila,
weupe umeziba kila dirisha,
redio ikimtangazia hali nzuri ya hewa.
Walimchimbua mzima, anacheka, meno yakigongana.
Tangu hapo hapokei simu zangu.

Nilimuuliza Jorunn, "Mbona ulinyamaza?"
"Sikunyamaza," akasema. "Nilikipindua."

Nikairudia rekodi, mara nne.
Kamera imemkata kifuani.
Dakika ya kumi na moja bega la kulia linashuka kidogo, basi.
Mgongano wa udongo na mbao haumo:
mashine, kwa adabu yake,
imeuchuja pamoja na kelele nyingine.

Kimya kingi kina mshindo, walisema wenye methali.
Sisi tulinunua programu ya kufuta mshindo,
tena kwa malipo ya kila mwezi.

Leo nimemwomba aishushe kamera, meza ionekane.
Akasema kompyuta yake ni ya mjukuu, haimtii.
"Basi uwe unasema," nikamwambia.
Akanitazama,
au aliitazama ile taa ndogo ya kijani.
Kutoka huku siwezi kujua.