Deni la Tambi

Karatasi imebandikwa mlangoni kwa Ornella:
tumefunga, asanteni, miaka thelathini na minane.
Theluji ya Scranton inalowesha wino.
Bi Wysocki anasoma mara mbili,
kisha anajaribu kitasa hata hivyo.

Kwa kinyozi, Delbert anaapa ni kodi ya pango;
Loretta anasema la, ni magoti ya Ornella.
Wanabishana kama warithi.

Mimi nina deni: sahani ya tambi,
usiku ule mke wangu alipolazwa.
"Utalipa kesho," aliniambia, akaongeza mkate.
Kesho yenyewe nimeivuta miaka sita.

Leo ninazo, dola kumi na moja, mfukoni.
Nachungulia kiooni:
viti vimepandishwa mezani, miguu juu,
ila meza ya dirishani.
Chumvi yake bado ipo.