Jiwe Namba 214

Mtaalamu amenikabidhi brashi, si nyundo.
Miaka thelathini nimejenga Nakuru hii,
vyoo vya Rhonda, maduka ya Bondeni, ua wa kanisa;
leo, juu ya Kilima cha Pimbi, naambiwa nipanguse.

Ukuta huu hauna saruji. Hauna hata udongo.
Jiwe limekalia jiwe kama ndugu waliokosana
ambao bado wanalala kitanda kimoja.
Lango ni jembamba: unapita ubavu ubavu,
mkuki wako ukikufuata.
"Na ng'ombe je?" auliza Tapkigen, akitikisa chekeche.
Hakuna anayejua.
Yeye tangu asubuhi amepata shanga moja, na jino.

Chini kule, ziwa.
Wanasema zamani lilifika hapa miguuni,
na siku hizi linapanda tena, taratibu,
kama mtu anayerudi shambani kwake.

Tulitoa jiwe 214 tupime kilicho chini.
Jivu. Kigae. Tukaandika, tukapiga picha.
"Lirudishe, Masika."
Nikaligeuza mara saba, likakataa.
Pimbi mmoja akanikodolea macho kutoka mwambani
kama askari wa zamu.

Kisha nikalishika kwa shoto,
mkono niliochapiwa viboko darasa la pili
mpaka ukajifunza kukaa mfukoni,
nalo likaingia, tuli.

Nikakaa kitako.
Mwashi mwenzangu, hili halimo daftarini mwao:
ulikuwa na shoto.
Nani alikuacha nayo?