Posta Hukuiambia

Nyumbani kwa Minza hakuna namba mlangoni.
Ukifika Igogo unauliza.
Utaonyeshwa jiwe lililopakwa chokaa,
panda, acha bomba la kwanza,
pita kwa fundi cherehani mwenye kikohozi,
ukisikia mbwa, umepitiliza.
Jiwe moja ukikosea
utabisha hodi kwa watu wengine kabisa,
nao watakukaribisha chai.

Kazi yangu ni hiyo hiyo,
ghorofa ya pili, Makoroboi,
feni moja, kompyuta mbili, moja ya kubembelezwa:
nawaelekeza watu wasionijua
kwa watu nisiowajua.
Jina huku, tarakimu kule.
Mashine haimjui Minza, wala dagaa haijawahi kula.
Inajua mafungu manne ya namba
na nukta tatu katikati.

Alikuja Jumatatu, magamba yamenasa kwenye kanga,
akaweka mezani karatasi ya daftari:
dagaawaminza, nukta, co, nukta, tz.
"Fundi wa kwanza kahamia Kahama na funguo zangu.
Nimelidai jina wiki mbili, limerudi.
Sasa lipe pa kukaa."

Nikaandika rekodi ya A,
herufi ya kwanza ya darasa la kwanza:
jina hili linakaa hapa.
Nikaandika ya lakabu, kwa wale wasioanza safari
bila dabliu tatu mbele,
maana na yeye wapo wamwitao Minza,
wapo wamwitao Mama Shija, wapo wa Bosi, kule Mwaloni,
na hugeuka kwa yote.
Chini nikajaza muda:
sekunde elfu themanini na sita na mia nne.

"Hizo za nini?"
"Siku moja, mama. Seva za mbali huweka jibu mfukoni,
hazirudi kuuliza mpaka siku ipite."
Akacheka. "Kumbe dagaa juu ya chanja.
Jua moja kamili. Ukianua saa nane
wanakuozea kabla hujafika Geita."

Jumanne, simu ya Igoma iliona duka jipya,
ya Buhongwa iliona la zamani,
shemeji yake Ukerewe hakuona kitu,
ila yule hakuwa na bando.

Alhamisi aliingia bila hodi.
Mteja wa Bukavu ameandika mara tatu,
magunia mia na arobaini,
na barua pepe zote zimemrudia
zikisema hazijui pa kwenda.
Nikafungua jedwali.
A ipo. Lakabu ipo.
Ya barua haipo.
Nilitamani feni izime, nipate cha kulaumu.

"Umenihamisha nyumba," akasema,
"posta hukuiambia."

Sikujibu. Nikaandika MX, kipaumbele kumi,
jina la seva, na nukta mwishoni,
nukta ndogo kama jicho la dagaa;
ukiisahau, jina hujifunga tena mkiani mwake
likazunguka kama mlevi.
Safari hii nikatega dakika tano, si siku.
Lakini seva hukumbuka hata "hayupo."
Ukishamwambia jirani hayupo,
huwezi kumlazimisha asadiki papo hapo
kwamba mtu yuko ndani, anapika.

Tukakaa.
Korongo alitua juu ya bati la jirani,
akatutazama kama karani wa mahakama.
Kengele ya hekalu ililia, ikanyamaza.
Minza alihesabu magunia kwa vidole, kimyakimya,
kisha akaanza upya.

Saa kumi na dakika kumi na tatu simu yake ikatetemeka.
Hakuwa mtu wa Bukavu.
*Mpendwa mteja, umeshinda milioni themanini, tuma ada.*
Aliisoma yote, mpaka nukta ya mwisho,
akanipa simu niione.

"Mwongo kashaijua nyumba," akasema.
"Mkweli hatapotea."

Akafungua pindo la kanga, akanihesabia hela,
akakata za siku tatu.