Ndani Yake Mna Mkalimani

Otuoma, ghorofa ya pili, Barabara ya Luthuli,
aliipangusa kwa ncha ya shati akaniambia,
"Mama, hii haina feni. Weka sikio."
Nikaweka. Kimya, kama mtungi uliotuama.
Akataja herufi tatu, A, R, M,
mfano wa mshenga anayetaja ukoo wa bwana harusi,
akaapa kwamba chaji ya Jumatatu huiona Jumatano.
Nilimwamini nusu.
Nusu nyingine ilikuwa bado inahesabu noti.

Ile kuukuu, kule nyumbani Umoja,
ni mgonjwa wa kitandani. Chomoa waya:
dakika kumi na nne, inakata roho
katikati ya neno.
Feni yake inavuma hadi Baba Chelang'at, wa mlango wa pili,
aliwahi kuniuliza kama nimefungua kinu cha unga.

Mimi ni mkalimani, mahakama ya Makadara.
Shahidi husema Kikamba, hakimu husikia Kiswahili,
nami katikati, koo lililolishwa kiapo.
Jioni nanakili kanda, mguu kwenye kanyagio:
shusha, sauti inakwenda,
inua, inangoja.

Jumatatu, basi. Saa mbili asubuhi, mia kwa mia.
Saa nane mchana, sabini na mbili.
Saa moja usiku stima ikapotea mtaa mzima,
watoto wakapiga ukelele ule wao,
nami naandika tu, uso umemulikwa
kama mwizi wa asali.
Otuoma, nakuomba radhi, nusu ile.

Programu yangu ya kunakili ni ya zamani,
imeandikwa kwa lugha ya ukoo mwingine wa vichakato.
Nilidhani itakataa. Ikafunguka,
polepole, ikijikwaa kizingitini.
Kumbe ndani yake mna mkalimani:
anapokea amri, anaitafuna, anaipitisha,
nyingine, na nyingine,
na betri inashuka upesi kuliko jana,
na bati la chini linapata joto.
Nililigusa kwa kiganja.
Pole, nikasema. Hakuna aliyenisikia.
Mimi huota joto hilohilo kooni, saa kumi,
baada ya kesi za mipaka.

Ila kanyagio lilikataa katakata.
*Kifaa hakitambuliki.*
Kiendeshi chake, nimeelezwa, hukaa chumba cha ndani kabisa,
na huko mkalimani haruhusiwi.
Walioliunda walishafunga duka,
barua pepe yangu ikanirudia ilivyokwenda.
Nikakanyaga, nikakanyaga,
mtu anayetafuta breki kwenye kiti cha abiria.

Nakijua chumba hicho.
Mwezi wa tatu mama mmoja wa Matungulu,
Kaluki binti Nzuki, alitamka neno moja kizimbani,
neno la mtu aliyenyimwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe
na aliyemnyima ni mtoto wake.
Nililigeuza mdomoni. Hakimu alikuwa ameinua kalamu.
Nikasema, "Amekasirika."
Akaandika.

Siku hizi nazitumia zote mbili.
Kuukuu imefungwa ukutani kama ng'ombe wa zizi,
inanisomea kanda kwa kanyagio lake;
mpya ipo magotini, inaandika.
Hazijuani. Kati yao ni mimi tena.

Alhamisi nilifikia kanda ya Kaluki.
Akakohoa. Karani akamwambia asogee.
Akaanza lile neno, silabi ya kwanza,
stima ikaondoka,
kuukuu ikaondoka nayo: betri siku hizi haingoji hata dakika moja.

Giza. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza.
Sikuhitaji kanda.
Nikaliandika neno kwa Kikamba, zima, na mkia wake,
bila mabano, bila tafsiri.
Mashine mpya ikalipigia mstari mwekundu.
Nikaliacha hivyo.
Pembeni, juu, ilisema arubaini na sita.