Ukungu Haukuja

Shina lilikuwa moja.
Dafrosa Shemzigwa alilikata vipande kwa kisu cha kupogolea,
akavifunga kwa gunia bichi,
akavigawa kama mtu agawaye vifaranga:
hivi vya Soni, hivi vya Mtae, hivi vya Magamba.
"Mzabibu ni mmoja," alisema,
"lakini mlima hauna mdomo mmoja."

Mimi ni mwosha mapipa tu, hapa Gare.
Elimu yangu imepita mikononi, kisha puani.

Soni iko chini. Udongo wake mwekundu
hung'ang'ania jembe, na jua huchelewa kuaga.
Zabibu huwahi kuiva, nyani nao huwahi kupata habari.
Divai yake nene, ya kirafiki,
huongea sana mlangoni,
ikishaketi haina neno.

Mtae imekaa ukingoni mwa jabali.
Mchana joto la nyika ya Mkomazi hupanda ukutani,
usiku baridi hushika watu masikio.
Kati ya hayo mawili zabibu huota ngozi
kama ya kisigino.
Ukakasi wake hufunga ulimi
kama mlango wa duka la mwenye madeni.
Iache. Miaka mitatu, minne. Itafungua yenyewe.

Magamba, sasa.
Saa nane mchana ukungu hutoka msituni bila hodi,
hukaa juu ya mizabibu mpaka ng'ombe warudi zizini.
Huko zabibu haiivi, hubembelezwa.
Dafrosa hutenganisha majani shada kwa shada,
kuvu isipate pa kulala,
kama afumuaye nywele za mtoto mkaidi.
Na divai yake nyembamba, gwadu,
ina harufu ya jiwe lililolowa.
Wateja wa Tanga mjini hukunja uso:
"Mama, hii imeharibika?"
"Haijaharibika. Imelala na baridi."

Mwaka jana ukungu haukuja.
Tuliungoja saa nane, tukaungoja saa kumi.
Jua likakaa Magamba kama mkwe asiyejua kuaga.
Tulivuna wiki tatu kabla ya siku,
mikono ikinata,
na kipimo cha sukari kilielea juu
mpaka nikadhani kimevunjika.

Ikatoka divai laini, tamu.
Waliokunja uso wakakunjua.
"Sasa mmejifunza kazi!" alisema Mhina wa hotelini,
akaagiza chupa sitini, akalipa nusu papo hapo.

Dafrosa alinusa. Akaonja.
Akatema ndooni, akaonja tena,
kama mtu aitaye jina kwenye nyumba iliyohamwa.
"Hii ni Soni," akasema, "imepotea njia."

Pesa tulipokea. Paa lilikuwa linavuja.
Lakini usiku ule alikaa na kalamu,
na chini ya mwaka, chini ya jina la mteremko,
akaandika kwenye kila lebo, mara sitini, kwa mkono:
*ukungu haukuja.*
Mhina alidhani ni jina la divai.
Akalisifu.

Leo naosha pipa la Magamba.
Nimelisuuza mara moja, mara mbili, mara tatu.
Ndani kabisa, penye mshono wa mbao,
bado kuna jiwe lililolowa.
Nimesimama na ndoo ya nne.
Nimeimwagia migomba.