Rehani ya Bi Sikudhani

Mimi fundi wa cherehani, Gerezani, si wa picha.
Bi Sikudhani aliiacha mezani, rehani ya elfu thelathini,
kamera ya marehemu mumewe, nzito kama pasi ya mkaa.
Karatasi ya maelezo haimo mkobani,
mna risiti ya viatu na mende mkavu.

Jina lake linaanza na tatu mahali pa herufi,
kisha N iliyotazama nyuma.
Nani wa kumuuliza?
Nikaiuliza yenyewe, kwa vidole,
kama ninavyoiuliza mashine inayoruka mishono.

Wenzo wa kidole gumba: unavuta, unarudi wenyewe.
Kitufe: tak.
Ndani kitu kikafumba na kufumbua,
sikukiona, nilisikia meno yake tu.
Kijinamba juu kilisoma kumi na tisa, kikawa ishirini.
Luku hushuka, hii inapanda; sikujali.

Kisahani: thelathini, sitini, inakwenda hadi mia tano,
halafu B.
B ya nini? Betri? Bila? Bahati?
Nikaiweka, nikakandamiza, haikufunga
mpaka nilipoinua kidole.
Basi B ni ya kubana pumzi.

Pete ya mbele inahesabu kwa ukaidi:
mbili ndiyo tundu kubwa, kumi na sita tundu la sindano,
kama madeni ya wateja wangu,
tarakimu inapanda, kinachoingia kinapungua.
Na mwisho wa mita, nane imelala ubavu.
Nilidhani kosa la kiwanda.
Nikazungusha hadi hapo, nikachungulia mlangoni:
bango la rangi ng'ambo ya barabara
likasimama wima, na kutu yake.
Tak. Ishirini na mbili.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Nikabaki na vidole.
Pembeni nikagusa ulimi wa chuma,
ule ule wa kikasha cha bobini, ningeapa ni ndugu,
nikauvuta kwa ukucha.
Mgongo ukafunguka kama mlango wa mtu aliyekuwa anakungoja.
Nikapapasa: utepe laini, vitundu kingoni
kama lasi ya gauni,
umejikunja upande mmoja, umenona.
Ndipo nilipoelewa kumi na tisa zilikuwa za nani.

Na hapo hapo mtaa mzima: Umerudiii!
Watoto wakashangilia, friji ya muuza soda ikanguruma,
na taa yangu ya mezani, niliyosahau kuizima,
ikaumwagikia utepe wote.
Nilifunga kwa pumzi moja.
Pumzi moja ni nyingi
kwa kitu kinachoikata sekunde vipande mia tano.

Siku tatu sikuigusa.
Ya nne nikakiona kitufe kingine, kidogo kama chunusi,
kando ya kile cha kupigia.
Nikakibonyeza, nikazungusha kishikio cha kushoto
polepole, kama anayeurudisha uzi kwenye kigurudumu,
mpaka mkono ukawa mwepesi ghafla.

Upanga yupo Mlekwa, alisafisha eksirei miaka na miaka,
bado anakoroga dawa zake kwenye ndoo ya kuogea.
Aliuning'iniza utepe kwa kibanio cha nguo.
Za nje nyeusi tii, na zangu tatu humo.
Za ndani kabisa, zilizofunikwa na wenzao,
saba, zimepona.

Ya tano: mgongo wa mwanamke anashona dirishani.
Mgongo sikuujua. Cherehani niliijua,
mguu wake mmoja niliufunga mimi kwa waya wa shaba.
Gurudumu limekuwa ukungu, maana lilikuwa linazunguka.
Thelathini, nikasema moyoni. Au B.

Bi Sikudhani alizishika kama anayepima uzito.
Akahesabu kwa midomo. Akarudia.
"Kitwana alipiga kumi na tisa.
Kumi na mbili ziko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno: joto, unyevu, miaka.
Nikamwambia umeme ulirudi.