Uboho

Makokha hakuwahi kutugawia uboho.
Jumapili, pale Jericho, mfupa mnono ulikuwa wake:
akiugonga sahanini, ko, ko,
akiufyonza, macho kayafumba,
sisi wadogo tukimeza mate.

Jana kalazwa kifudifudi huko Parklands,
sindano ikimtoboa nyonga
kwa ajili ya mtoto asiyemjua.
Miaka tisa. Hakuambiwa zaidi.

"Ni wa nani?" Mama auliza tena.
"Wa watu, Mama."
"Watu gani?"
Kimya. Kisha, dawa ikimlegeza ulimi,
akacheka:
"Mwache naye agonge."

Jioni nimempelekea supu.
Kaukoroga mfupa kwa kijiko,
kauangalia,
kausogeza upande wangu.